Tristeza, dolor, pena, saudade: neno lipi la huzuni umwandikie nani?

Dada mmoja wa Pemba, ile ya Msumbiji, alipofiwa na mumewe, nilimwandikia barua kwa Kireno. Kiswahili chake ni cha kuombea maji, Kireno ndicho alichosomea, nami nilitaka pole yangu imfike kwa lugha anayoombea na kulilia. Mimi nilianza na Kifaransa kabla ya Kireno. Nilijua kwamba kwa Kifaransa peine ni huzuni, na kwamba pena ya Kireno ni ndugu yake wa tumbo moja. Basi nikaandika: Tenho pena de si.

Alinijibu kwa adabu, mistari miwili tu. Wiki kadhaa baadaye rafiki yetu alinieleza nilichokuwa nimeandika. Nilikuwa nimemwambia, "Nakuonea huruma." Ile huruma ya kumtazama mtu aliye chini yako. Mjane wa siku ya tatu alingoja kushikwa mkono, mimi nikamtazama kutoka juu.

Tangu hapo kila neno la huzuni ninalokutana nalo katika lugha za Ulaya nalipanga sambamba na ndugu zake, nione nani amerithi nini. Mengi yametoka nyumba moja ya Kilatini, yanafanana sura, na ndiyo maana yanahadaa. Naandika kwa anayezitumia lugha hizi kweli: wa Bujumbura au Goma anayeandika tanzia kwa Kifaransa, wa Cabo Delgado mwenye Kireno, kijana aliyeko Italia au Uhispania anayetaka kumpa pole jirani yake. Sisi tumezoea neno moja, pole, linalomtosha aliyejikwaa, aliyetoka safari, mgonjwa na mfiwa. Huko hakuna neno la namna hiyo, kwa hiyo lazima uchague.

Kilatini chenyewe kilishayagawa

Mapema mwaka 45 kabla ya Kristo, Tullia, binti ya Cicero, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Baba yake, msemaji mkubwa wa Roma, alijitenga Astura, pwani, akaanza kuandika. Katika maandishi yake ya mwaka huohuo, yale yajulikanayo kama Mazungumzo ya Tusculum, anazipanga aina za huzuni moja moja. Luctus ni huzuni ya kufiwa na umpendaye kwa kifo kichungu. Maeror ni huzuni yenye machozi. Dolor ni ile inayotesa, angor inayobana, lamentatio yenye kupiga mayowe, sollicitudo yenye mawazo, na desperatio ile isiyotarajia jambo lolote jema tena.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuyatafutia wenzao bila kuhangaika: msiba, majonzi, uchungu, maombolezo, kukata tamaa. Ila angalia kilichotokea baadaye. Luctus limeishi, ndilo luto la Wareno na Wahispania na lutto la Waitalia. Dolor limezaa ukoo mzima. Maeror, neno la machozi, halikupata mrithi katika mazungumzo ya kila siku. Na neno ambalo leo ndilo la kwanza katika kila kitabu cha kujifunzia, tristitia, halimo kabisa katika orodha ya Cicero.

Sababu yake nadhani ni kwamba tristis lilikuwa zaidi neno la uso. Hakimu mkali alikuwa tristis, na kitu kichungu mdomoni pia kilikuwa tristis. Ni ule uso uliokunjamana, ambao unaweza kuwa wa huzuni na unaweza kuwa wa ukali. Watawa wa Kikristo ndio waliolipeleka ndani ya moyo: mwanzoni mwa karne ya 5 Yohane Cassian aliihesabu tristitia miongoni mwa maovu manane yanayomnyemelea mtawa, na Papa Gregori Mkuu, mwishoni mwa karne ya 6, akaibakiza katika maovu yake saba. Kwa hiyo neno hili lilipita mikononi mwa watu walioiona huzuni kuwa hatari ya roho, wala si msiba wa kupewa pole.

Kutoka hapo tuna tristesse ya Kifaransa, tristezza ya Kiitalia, tristeza ya Kihispania na Kireno, na tristețe ya Kiromania. Hawa ndio ndugu waliobaki wakielewana vizuri kuliko wote. Ukisema una tristeza, kote utaeleweka kwamba una huzuni, na hutamkosea mtu. Angalia mambo mawili tu. Kiitalia kina triste na tristo, na hilo la pili limebaki na ule ukali wa zamani, ni mtu mwovu au duni. Usilitumie kwa mfiwa. Na Kihispania hutenganisha está triste, ana huzuni sasa hivi, na es triste, ambalo hueleza tabia ya mtu au ya jambo lenyewe.

Lakini tristesse si neno la kutoa pole. Ni neno la mwenye msiba anapotangaza. Tanzia ya Kifaransa huanza "C'est avec une profonde tristesse", kama yetu inavyoanza "Kwa masikitiko makubwa". Aliyefiwa ndiye anayesema tristesse. Wewe unayemjibu unahitaji neno la ukoo mwingine.

Dolor na watoto wake

Ukoo huo ni wa dolor, na kitenzi chake dolere. Nikiambiwa nichague neno moja tu la Kilatini la kumfundisha Mswahili, nitachukua hili, kwa sababu linakaa palepale linapokaa neno letu uchungu: mwilini na moyoni kwa pamoja. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi tunapousema huo hatujali ni wa tumbo au wa moyo. Mhispania naye husema dolores de parto kwa uchungu wa kuzaa, kisha kwa dolor hilohilo akamweleza Bikira Maria aliyesimama chini ya msalaba, Virgen de los Dolores. Wasichana wameitwa Dolores kwa heshima yake. Wengine huitwa Soledad, upweke, na Angustias, dhiki. Anayeshangaa mzazi kumpa mtoto jina kama hilo awakumbuke akina Tabu, Shida na Mashaka wa mtaani kwake.

Tofauti ipo katika mwili. Kwetu kichwa kinauma, hakina uchungu. Mhispania ana dolor de cabeza, Mreno ana dor de cabeça, Mwitalia husema mal di testa, ingawa dolore ya mwili anayo pia. Mfaransa naye, kwa kichwa na tumbo, hupendelea mal, na douleur humpa daktari au mshairi. Kwa hiyo douleur katika barua ya Kifaransa ni neno zito kuliko dolor katika barua ya Kihispania. "Je partage votre douleur", nashiriki uchungu wenu, ni sentensi ya mtu wa karibu. Ukimwandikia bosi ambaye hamjawahi kunywa chai pamoja, punguza.

Mtego wa ukoo huu uko kwenye neno fupi: dor. Mreno ana dor, Mromania ana dor, na yameandikwa herufi kwa herufi sawasawa. La Kireno ni maumivu. La Kiromania ni hamu ya mtu aliye mbali: Mi-e dor de mama, nina hamu na mama. Ya Kireno imetoka kwa dolorem moja kwa moja, kwa sababu Kireno kina tabia ya kumeza l iliyo katikati ya irabu mbili. Msomaji wa Kiswahili asilione hili kuwa jambo geni. Wachewa husema njala na mvula, sisi tukasema njaa na mvua. Lugha yetu nayo ilizimeza zile l zamani sana. Ya Kiromania imetoka kwa dolus, jina la watu wa kawaida la Kilatini cha mwisho lililochongwa kutoka dolere. Dolus huyohuyo ndiye baba wa deuil ya Kifaransa na duelo ya Kihispania.

Hapo kwenye deuil na duelo ndipo panapotakiwa umakini, maana sasa tunaingia matangani. Mfaransa ana neno moja, deuil, kwa mambo yote: nguo nyeusi, kipindi cha kuomboleza, na ile kazi ya moyo ya kukubali kwamba mtu hayupo. Mhispania amegawa. Luto ni la nje: nguo, bendera nusu mlingoti, siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Duelo ni la ndani, na pia ni wale waliokusanyika kulia. Nikifasiri, luto nalipa matanga au maombolezo, duelo nalipa simanzi. Ukimwambia mjane wa Kihispania kwamba luto lake limekwisha, unazungumzia nguo na desturi, kama kusema ametoka eda. Ukimwambia duelo lake limekwisha, umemwingilia moyoni, na huna haki hiyo. (Duelo la watu wawili wanaopigana ni neno jingine kabisa, limetoka kwenye vita, duellum. Yamegongana kwa sauti tu.)

Mreno na Mwitalia wao wamebaki na luto na lutto kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Ila Kireno kina neno la pembeni linaloshtua. Ruhusa ya kazini anayopewa mfiwa huko Brazili huitwa licença nojo. Nojo, katika mazungumzo ya leo, ni kinyaa. Limefikaje hapo? Kilatini kilikuwa na msemo in odio, kuwa katika chuki. Msemo huo mmoja ukawa ennui kwa Wafaransa, ambalo katika tamthilia za karne ya 17 lilikuwa mateso ya moyo na leo ni kuchoshwa na kukosa la kufanya. Ukawa noia kwa Waitalia, yaani kuchoshwa vilevile. Kwa Wahispania ukawa enojo, hasira. Kwa Wareno ukawa kinyaa, huku maana ya zamani ya msiba ikibaki imejificha kwenye lugha ya ruhusa za kazini. Katika familia hii usimwamini ndugu yeyote kwa sababu ya sura ya mwenzake.

Pena, neno lililoniponza

Poena ilikuwa adhabu. Warumi waliichukua kutoka Kigiriki, poinē, malipo ya damu iliyomwagwa, lile ambalo Waislamu wa pwani wangeliita dia. Maana ya adhabu bado iko hai kila mahali: peine de mort, pena de muerte, pena di morte, pena de morte, zote ni hukumu ya kifo. Kutoka adhabu likawa tabu, na kutoka tabu likawa huzuni. Safari hiyo lugha zote ziliianza. Hazikuishia mahali pamoja.

Kifaransa kilifika mbali zaidi. J'ai de la peine ni "nina huzuni", huzuni ya kweli ya mtu mzima, yenye unyenyekevu, tena ni laini kuliko douleur. Naipenda sana. Mtu aliyegombana na dadaye ana peine. Aliyefiwa naye anaweza kuwa nayo.

Kihispania cha Uhispania kiko karibu: me da pena, inanisikitisha. Lakini vuka bahari. Meksiko, Kolombia na nchi kadhaa za jirani zake, me da pena ni "naona haya". Mtu anayekaribishwa chakula akajibu kwamba ana pena hana huzuni yoyote, ana soni tu, na mwenyeji atamsihi kama sisi tunavyomsihi mgeni. Ukimpa mfiwa wa Bogotá neno hilo, atajiuliza umeona aibu gani.

Kireno ndicho kilichonikamata. Tenho muita pena, ukiishia hapo, ni sawa, ni "nasikitika sana" kwa jambo lililotokea. Ukiongeza de na mtu, de ti, de si, dela, huzuni inageuka huruma ya kumshukia mtu. Kihusishi kidogo tu. Na kama hiyo haitoshi, Kireno kina pena nyingine, ya Kilatini penna, ambayo ni unyoya.

Ushauri wangu kwa poena ni huu: tumia kwa Kifaransa bila hofu, kwa Kihispania ukijua uko bara gani, na kwa Kireno liache mpaka uwe umeishi nao. Kiingereza na Kijerumani waliazima pia, pain na Pein, lakini huko yamebaki maumivu na mateso. Kiingereza kina na mtoto mwingine wa zamani asiyejulikana sana, pine, kile kitenzi cha kunyong'onyea kwa kumtamani aliyeondoka. Naye alizaliwa na adhabu.

Mkiwa, saudade na wengine waliobaki peke yao

Solus ni pweke. Solitas ni upweke. Kihispania kikatoa soledad, na soledad imebaki upweke mpaka leo. Kireno kikaimeza l yake kama kawaida, kikapata soedade, soidade, na mwishowe saudade, huku sauti ikivutwa huenda na saudar, kusalimu. Maana nayo ikahama: kutoka hali ya kuwa peke yako ikawa kile kinachobaki ndani yako kwa ajili ya asiyekuwepo.

Wareno na Wabrazili hupenda kusema kwamba saudade haifasiriki. Mimi sikubali. Kiswahili kina ukiwa. Mkiwa ni aliyeachwa peke yake, aliyefiwa, asiye na watu wake. Na ukiwa ni ule utupu wa nyumba aliyotoka mtu. Tulianzia mahali walipoanzia Wareno, kwenye upweke, tukafika jirani nao. Kilichotofautiana ni rangi. Ukiwa una giza. Saudade ina utamu ndani yake, na mtu huweza kuitafuta kwa makusudi kwa kutazama picha za zamani. Ndiyo maana kwa saudade ya mtu aliye hai nachukua hamu, kwa saudade ya marehemu nachukua ukiwa au najenga sentensi nzima. Mreno husema matar saudades, kuziua saudade, anapokutana na aliyemtamani muda mrefu. Sisi hukata kiu.

Na hamu yenyewe ina hadithi. Kiarabu hamm ni wasiwasi na huzuni. Sisi tukalifanya kutamani. Alama ya zamani imebaki katika msemo hamu na ghamu, ambamo ghamu bado ni huzuni. Ni njia ileile aliyopita Mromania na dor yake, kutoka uchungu hadi shauku. Kwa hiyo ukimtafutia Mreno neno la Kiromania linalolingana na saudade, usimpe tristețe wala singurătate, ambalo ni upweke mtupu. Mpe dor. Hao wawili ndio ndugu wa kweli kwa maana, ingawa mmoja kazaliwa na upweke na mwingine na maumivu.

Mhispania anayetaka kusema hivyo ana añoranza, na asili yake huwa naikumbuka kila ninapowaza watu waliosafiri. Limetoka Kikatalani, enyorar, na Kikatalani kimelitoa kwa Kilatini ignorare, kutojua. Kumtamani mtu ni kutojua yuko katika hali gani. Mama ambaye mwanawe yuko Uarabuni na simu yake haipatikani wiki ya pili hahitaji kufafanuliwa neno hili.

Mfaransa na Mwitalia hawana jina moja la jambo hili, wana kitenzi. Tu me manques, mi manchi: wewe ndiye unayepungua kwangu. Mancus kwa Kilatini alikuwa mlemavu wa mkono. Anayesema mi manchi anasema, kwa mzizi wake, kwamba amekatika kiungo. Vijana wetu wanaoandika "nimekumiss" wana haki ya kuandika watakavyo, lakini kwa Kifaransa wasigeuze mambo: je te manque ni "wewe unanitamani mimi", na mwanafunzi hukosea hapo kila mwaka.

Nostalgie na nostalgia, zinazokwenda pamoja na hizi katika kamusi, si urithi wa Kilatini. Mwanafunzi wa utabibu Johannes Hofer alilitunga neno hilo mwaka 1688 huko Basel, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki, nostos, kurudi nyumbani, na algos, maumivu, alipoeleza ugonjwa wa Waswisi waliokonda kwa kuitamani nchi yao. Leo hutumika zaidi kwa wakati uliopita kuliko kwa mtu. Usimwandikie mfiwa kwamba una nostalgia na marehemu. Umemfanya kuwa enzi fulani.

Kuna mtoto mmoja wa solus ambaye kila anayejua Kifaransa anamtumia bila kumtambua: désolé. Desolare ni kuacha pweke, kufanya mahame. Mtu anayekukanyaga ndani ya basi Paris na kusema désolé anasema, kwa mzizi, "nimeachwa mkiwa". Neno limechakaa kwa kutumika. Kwa hiyo, ingawa wenye Kifaransa wenyewe watakuambia je suis désolé mtu akifa, likiwa peke yake ni jepesi mno kwa barua. Ni pole ya kukanyagana.

Uzito, wembamba na shibe

Maneno mengine ni rahisi kuyachagua kwa sababu taswira zake tunazo nyumbani. Angustia ni wembamba wa mahali. Likawa angoisse, angoscia, angustia na angústia. Kiarabu dhiq nacho ni wembamba, nasi tukapata dhiki. Popote unapoweza kusema dhiki ya moyo, ile ya kifua kubanwa, tumia familia hii. Ila angoisse ya Kifaransa imeegemea hofu zaidi kuliko huzuni.

Gravis ni zito, na kupitia Kifaransa ndilo lililowapa Waingereza grief. Pensare ni kupima uzani, na likazaa pesar, huzuni ya Mhispania na Mreno. Sisi nasi moyo hutuwia mzito.

Kiingereza nakipitia haraka, kwa sababu maneno yake mengi ya huzuni si ya Kilatini. Sad zamani ilimaanisha aliyeshiba, na ni jamaa wa mbali wa Kilatini satis, ya kutosha. Kutoka shibe ikawa uzito, kutoka uzito ikawa huzuni. Sorry na sorrow hazina undugu, ingawa zimekaribiana sauti: ya kwanza imetoka kwa kidonda, sore, ya pili kwa wasiwasi, jamaa wa Sorge ya Kijerumani. Kwa msiba, grief ni la aliyefiwa. Usimwambie mtu kwamba wewe una grief kwa ajili ya baba yake.

Barua ya pole: nini kwa nani

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo hapa naweka jedwali. Ukiwa na haraka, soma hili tu.

| Lugha | Andika | Kilichomo ndani yake |
|---|---|---|
| Kifaransa | Toutes mes condoléances | kuumia pamoja (con + dolere) |
| Kiitalia | Sentite condoglianze | kuumia pamoja, kulikotoka moyoni |
| Kiromania | Sincere condoleanțe | kuumia pamoja, neno lililopitia Kifaransa |
| Kihispania | Mi más sentido pésame | pésame: "inanilemea" |
| Kireno | Os meus sentidos pêsames | lilelile la kulemewa, kwa wingi |
| Kijerumani | Mein herzliches Beileid | uchungu wa kuwa kando yako |

Condolencias ipo pia kwa Kihispania na condolências kwa Kireno, lakini nayaona ni ya ofisi na ya serikali. Pésame ina mwili. Ni sentensi nzima iliyoganda ikawa jina: me pesa, jambo hili lanilemea. Na kama mfiwa ni mtu wa karibu, Mhispania ana "Te acompaño en el sentimiento", nakusindikiza katika hisia hii, ambayo haina tofauti kubwa na tunavyosema tuko pamoja katika msiba huu. Kwa Mromania mcha Mungu ongeza "Dumnezeu să-l ierte", Mungu amsamehe, kwa marehemu mwanamume. Kwa mwanamke ni "s-o ierte". Kwa Kireno "Os meus sentimentos" hutosha ukiwa ana kwa ana, kwa sauti ya chini.

Wareno walipokaa pwani yetu walituachia meza, leso na bendera. Maneno ya huzuni tulikuwa nayo ya kututosha. Huenda ndiyo sababu nilikichukulia Kireno kwa wepesi, nikidhani neno lolote lenye sura ya msiba litanifikisha.

Mwaka ulipotimia tangu mume wa yule dada afariki, nilimwandikia tena. Safari hii sikutumia pena, wala tristeza, wala pêsames, maana muda wa pêsames ulikuwa umepita. Niliandika mstari mmoja: Temos saudades dele. Ya wingi, tuna, kwa sababu mumewe nilimfahamu kidogo na sikutaka kudai ukiwa ulio wake. Alinijibu kurasa mbili. Nyingi zilikuwa habari nisizozijua: kwamba marehemu alikuwa akitengeneza redio za majirani bila malipo, kwamba moja ya mwalimu wa shule bado iko mezani imefunguliwa, na kwamba hajapata wa kuifunga.